Tunda la kijani linalogeuka jeusi pembeni ya ukuta, mbwa na sungura wanaweza kula?

"Shikamoo daktari. Tumehamia Goba miezi miwili iliyopita, nyumba ya kupanga. Uwani kuna miti minne imepandwa pembeni ya ukuta, majani membamba yanang'aa, maua ya njano kama tarumbeta, matunda ya kijani yana pembepembe hivi, yakikomaa yanakuwa meusi yanadondoka. Jirani mmoja kaniambia ni zambarau za kizungu, mwingine akasema ni aina ya kungu. Picha nimekutumia. Nina mbwa mdogo wa miezi mitano, juzi nilimkuta anaguguna kokwa lake nikamnyang'anya, mpaka leo yuko sawa tu. Nina sungura wawili na kuku wachache. Ndege naona wanakuja kwenye huo mti kila siku na hawafi, na mwanangu wa miaka 6 anakusanya hizo kokwa anachezea bao. Sasa matunda mengi yanaozea chini, nikawa nawaza niwape sungura. Ni tunda gani hili, na wanyama wangu wanaweza kula?"

Marahaba dada yangu. Naanza na jibu kabisa, maelezo yatafuata: usiwape. Sio sungura, sio mbwa, sio kuku. Na hizo kokwa za mtoto kazikusanye sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, mi nakusubiri hapahapa.

Haya. Nimekuza picha zako zote tatu na nimefurahi sana umepiga jani, ua na tunda kwa pamoja, maana wengi wananitumia picha ya tunda peke yake limeshikwa kwenye kiganja halafu wanataka niwape jina, na tunda peke yake linadanganya. Mti wako kitaalamu unaitwa Cascabela thevetia, vitabu vya zamani vimeuandika Thevetia peruviana, ni uleule mmoja. Kwa kawaida unatajwa kama oleanda ya njano, na ni ndugu wa ile oleanda yenye maua ya pinki wanayopanda sana kwenye mahoteli na pembeni ya barabara. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, watu wakausambaza kwenye nchi za joto kwa ajili ya urembo na fensi, na hapa Dar umekubali kwelikweli kwa sababu unavumilia jua, haudai maji mengi, na mifugo mingi haiugusi ukiwa mbichi maana ni mchungu. Fundi bustani anaupenda, mwenye nyumba anaupenda, na anayekuja kupanga miaka kumi baadae hajui amekuta nini uwani.

Wote wawili, jirani wa zambarau na jirani wa kungu, wamekosea, lakini siwalaumu maana hata mimi kabla sijasomea hii kazi ningekosea hivohivo. Twende taratibu. Mzambarau una majani mapana yaliyokaa mawiliwili yakitazamana, ukikwanyua jani hautoi utomvu mweupe, na zambarau yenyewe ni ndefundefu, ndani nyekundu au zambarau kweli, inapaka ulimi rangi. Mkungu ndo kabisa, majani makubwa kama sahani yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka, matawi yametandazwa kama ghorofa. Huo wako jani lake ni jembamba kama kisu kidogo, urefu kama kidole cha kati au zaidi kidogo, linang'aa juu, na ukilivunja linatoa maziwa meupe yanayonata. Tunda lina upana wa kama sentimita tatu mpaka nne, halijakaa duara, lina mgongo katikati na pembe pembeni, kijani linalong'aa halafu jeusi likiiva na kulainika. Ndani kuna kokwa moja gumu la kahawia lenye umbo la pembe tatu, na ndani ya kokwa kuna mbegu mbili hadi nne, bapa, nyeupe. Ukikuta hivi vitu vyote pamoja, jani jembamba, maziwa meupe, tarumbeta la njano (yapo pia ya rangi ya chungwa na meupe), na kokwa la pembe tatu, basi hakuna haja ya kubishana tena. Ila ukivunja jani hakikisha umenawa mikono na usijishike machoni, ule utomvu unawasha.

Nataka nikae kidogo hapo kwenye kungu maana ndo panaponitisha kuliko zambarau. Sisi watoto wa pwani tumekua tunaokota kungu, tunakaa kibarazani na jiwe, tunapasua tunakula kile kiini cha ndani, kitamu kama karanga. Mtoto akiambiwa na mtu mzima kwamba "hii ni aina ya kungu", yeye anajua cha kufanya, atatafuta jiwe. Na kwenye huu mti wako kiini ndo sehemu yenye sumu kali kuliko zote. Kwahiyo kama hilo jina limeshazunguka hapo mtaani, tafadhali zungusha na hili la kwangu, waambie majirani na hasa watoto wao.

Sasa sumu yenyewe inafanyaje kazi. Nitaeleza polepole kwa sababu ukielewa hapa hutahitaji kukariri kitu kingine chochote nitakachosema mbele.

Msuli wa moyo umejengwa na chembe ndogondogo, na kwenye ukuta wa kila chembe kuna vipampu. Kazi ya hivyo vipampu ni moja tu usiku na mchana, kila mzunguko vinatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndo chaji ya moyo, kama betri ya simu, bila hiyo moyo hauna umeme wa kujipiga. Sumu ya huu mti, zipo kadhaa zinatajwa kama thevetini na peruvosidi, inakuja inakaa kwenye kile kipampu na kukiziba. Sodiamu inajaa ndani, na ikijaa kalsiamu nayo inashindwa kutoka, inarundikana, msuli unakaza kupita kiasi na umeme wa moyo unaanza kwenda kombo. Mwanzoni mapigo yanapungua, mnyama analegea, baadae yanaruka ruka bila mpangilio, mawili ya haraka moja linapotea, mpaka mara nyingine moyo unasimama tu. Wakati huohuo potasiamu iliyoshindwa kuingia ndani inabaki kwenye damu, nayo ikizidi ni tatizo juu ya tatizo.

Kama una mzee nyumbani anatumia dawa ya moyo inaitwa digoxin, hiyo ni jamii hiyohiyo ya kemikali. Hospitali wanaipima kwa uangalifu mkubwa sana kwa sababu dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana. Sasa fikiria mbegu ambayo hakuna aliyeipima, mti huu una nyingi, ule una kidogo, na aliyekula ni mbwa wa kilo sita. Ndo maana mtu akiniuliza "dokta mbegu ngapi ndo hatari?" huwa simpi namba. Kule Sri Lanka, ambako toka miaka ya 1980 watu wengi wamejidhuru kwa mbegu za mti huuhuu na hospitali zao zimewaona wagonjwa wengi mno, madaktari wameona kwamba idadi ya mbegu haitabiri vizuri nani atazidiwa na nani atapona. Kama kwa binadamu mwenye kilo sitini hesabu inagoma, kwa sungura sitaijaribu.

Na usifikirie kukausha au kuchemsha kunasaidia, haisaidii. Jani likikauka lina sumu, kokwa iliyokaa kopoani mwaka mzima ina sumu. Kuna familia moja ilinipigia simu alfajiri, nje kidogo ya mji, kijana wa bustani alikata fensi ya huu mti mchana akaona matawi ni mazuri na mabichi akayatupa kwenye banda la mbuzi. Mbuzi mti uliosimama huwa wanaukwepa, lakini matawi yamenyauka, yamechanganyika na majani mengine, na wamefungiwa na njaa, wakala. Nilifika wawili wameshakufa na wa tatu kalala mdomo unatoa mate, moyo unapiga polepole sana nauhesabu kwa mkono kwenye kifua. Yule wa tatu tulimpigania mpaka mchana na hatukumpata. Yule kijana alilia, na hakuwa na kosa lolote, hakuna aliyewahi kumwambia. Toka siku hiyo mtu akinitajia mti huu siwezi kuongea kwa kifupi.

Turudi kwenye swali lako la ndege, maana ni swali zuri na ndo sababu watu wengi wanaamini mti uko salama. Ni kweli baadhi ya ndege wanakunywa nekta kwenye hayo maua na wengine wanadonoa nyama ya nje ya tunda bila shida inayoonekana, hilo limeandikwa, sio macho yako. Lakini angalia wanachokula, wanadonoa ganda la juu, kokwa hawalipasui. Na mwili wa ndege sio mwili wa mbwa. Pilipili tu mfano, ndege anameza mbegu za pilipili kichaa kama mtama wala hasikii kuwashwa, wewe jaribu. Kwahiyo ule usemi kwamba ndege akila basi hata mtu anaweza kula, uuache kabisa, hata msituni haukufai.

Usemi mwingine ninaoukuta sana ni kwamba mnyama anajua asichotakiwa kula. Mbuzi mkubwa anayechunga porini labda, kafundishwa na mama yake. Mbwa wa miezi mitano anabadilisha meno, fizi zinamuwasha, kila kitu kigumu kwake ni cha kutafuna, kandambili, rimoti, mguu wa meza, na kokwa la pembe tatu linakaa vizuri kabisa mdomoni. Hatafuti chakula, anatafuta kitu cha kuguguna, kwahiyo uchungu haumzuii mpaka ameshapasua.

Sasa huyo mbwa wako wa juzi. Nadhani ndo kilichokunyima raha zaidi ingawa hujasema. Sumu hii kwa kawaida inajionyesha ndani ya masaa machache, mara nyingine inachelewa mpaka siku nzima, na umeniambia zimepita siku mbili anakula na kucheza, kwahiyo kwa upande wa sumu uwezekano mkubwa ni kwamba aliguguna ganda la nje na kokwa hakulivunja, ukamuwahi. Ulifanya vizuri kumnyang'anya. Ila kuna kitu kingine usikisahau, je una uhakika hakumeza jingine zima kabla hujamuona? Kokwa lile ni gumu, halisagiki tumboni, na mbwa mdogo utumbo wake ni mwembamba, linaweza kukwama kama yanavyokwama makokwa ya embe kila msimu. Hiyo haiji siku moja. Kwa wiki hii yote mwangalie, kama anaanza kutapika kila anachokula, hataki chakula, hapati choo au anajikunja ukimgusa tumbo, mpeleke kliniki wampige picha, usimpe dawa ya kumharishisha.

Sungura ndo wananitia hofu kuliko huyo mbwa, na watu hawalijui hili. Sungura hawezi kutapika. Hana uwezo huo kabisa, alivyoumbwa tumbo na koo lake haviruhusu chakula kurudi. Mbwa akila kitu kibaya mara nyingi mwili unajaribu kukitupa nje, sungura kikishaingia kimeingia, na mimi daktari siwezi kumtapisha hata ningetaka. Akiwa mgonjwa pia anajificha, anakaa kimya pembeni, unakuja kushtuka asubuhi. Kwahiyo kwa sungura hakuna kujaribu kidogo kuona. Wape nyasi kwa wingi, hiyo ndo iwe chakula chao kikubwa, matembele na majani mengine unayoyafahamu yawe ya kuongezea, na ukimtuma mtu akakate majani hakikisha anajua asikate pale ukutani. Kuku wako nao, kama banda liko chini ya hiyo miti lihamishe tu. Kuku hana nguvu ya kuvunja hilo kokwa, lakini tunda likikanyagwa na gari kokwa linapasuka na mbegu zinabaki wazi, hapo anaziokota.

Ikitokea amekula kweli, yaani umekuta kokwa limepasuliwa na kiini hakipo, au umemkuta anatafuna mbegu, usisubiri dalili. Hili naomba ulishike kuliko yote. Watu wanakaa wanamwangalia mbwa, anatapika mara mbili, wanasema afadhali imetoka. Kutapika sio kwamba sumu imetoka, kutapika mara nyingi ni dalili ya kwanza kwamba sumu imeshaingia. Zinafuata mate mengi, kuharisha wakati mwingine na damu, kulegea miguu, mapigo ya moyo kupungua au kurukaruka, halafu anaanguka. Tukimpata mapema kabla ya hayo, tunaweza kumtapisha kwa sindano pale kliniki na kumpa mkaa wa dawa unaoshika sumu tumboni, na hapo nafasi yake ni nzuri. Tukimpata moyo umeshachanganyikiwa, tuna atropini ya kupandisha mapigo, tuna dawa nyingine za kutuliza mapigo yanayorukaruka, tuna dripu na kupima potasiamu, lakini tunakuwa tunaikimbiza sumu ambayo imeshatutangulia.

Dawa yenyewe hasa ya hii sumu ipo, ni kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya digoxin na inashika hata hii. Kule Sri Lanka ilifanyiwa majaribio kwa binadamu na ilifanya kazi. Ila ni ghali sana, na sitaki upange mambo yako ukitegemea utaikuta kliniki ya mbwa. Panga ukitegemea kuwahi.

Nyumbani usimpe maziwa. Najua maziwa ndo dawa ya kila sumu huku kwetu, na nia ni nzuri, lakini maziwa hayaiuwi hii sumu, unachofanya ni kumjaza tumbo na kupoteza nusu saa. Mafuta ya kula pia hapana, akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi ndo kabisa usithubutu, chumvi nyingi peke yake inaua mbwa mdogo. Mkaa wa jikoni uliosagwa sio ule mkaa wa dawa, haujatengenezwa kushika sumu. Na usimtapishe kwa vidole, hasa kama ameshalegea. Unachofanya ni hivi, mtoe kwenye tunda, futa mdomo, okota mabaki na hata jani moja uweke kwenye mfuko, piga simu kliniki ukiwa njiani uwaambie amekula nini, saa ngapi, na ana kilo ngapi. Mbebe, usimtembeze wala kumkimbiza, kwa sababu moyo wenye sumu hautakiwi kupewa kazi. Kutoka Goba na foleni unaijua mwenyewe, kwahiyo leo ukiwa na utulivu tafuta kliniki mbili zilizo karibu, uliza kama wanapokea usiku na Jumapili, uliza kama wana mkaa wa dawa na kama wanaweza kupima umeme wa moyo, andika namba ubandike kwenye friji. Kama huna kliniki karibu anza hata na afisa mifugo wa kata yako, anaweza kukuunganisha haraka.

Na ikiwa ni mtoto, nitasema mara moja tu, usinipigie mimi wala usitafute majibu kwenye simu, hospitali moja kwa moja na tunda mkononi, hata kama yuko mzima kabisa na anacheka.

Tuje kwenye miti yenyewe. Hapa sitakudanganya kwamba lazima uikate, maana nyumba sio yako na mti unatoa kivuli na ukuta unapendeza. Kama ingekuwa kwangu, na mbwa wa umri huo na mtoto wa miaka 6, ningeikata. Mpigie mwenye nyumba, mtumie hizo picha, mweleze kwa upole, wengi wakishajua hawakatai, na wewe jitolee kupanda kitu kingine mahali pake. Ukikata mwambie fundi avae glovu na nguo za mikono mirefu, ang'oe na kisiki maana kisiki kikibaki kinachipua tena. Matawi yasitupwe kwa mifugo ya mtu yeyote, yasichomwe moto uani mkavuta moshi, na vijiti vyake visitumike kuchomea mishikaki. Yafungeni kwenye magunia yaende na gari la taka, au chimbeni shimo la kutosha myafukie.

Mwenye nyumba akikataa, basi inabaki kazi ya kila siku na ni kazi kweli, sio kwamba utafagia mara moja kwa wiki. Matunda yaondolewe mtini yangali ya kijani, chini paokotwe asubuhi na jioni, na pale ukutani pazungushiwe wavu ambao mbwa hapenyi. Mbwa mpe kitu chake cha kuguguna, mpira mgumu au kamba iliyofungwa mafundo, mpaka meno yatulie. Nimeona nyumba zimeweza hivi miaka mingi bila tatizo, nimeona pia nyumba zimeweza miezi mitatu halafu dada wa kazi akaenda likizo na hakuna aliyeokota. Unajijua nyumba yako.

Na kama bado kuna mtu anabisha kuhusu jina la mti, kata tawi moja lenye jani, ua na tunda, liweke kwenye gazeti, lipeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani kwenye idara ya mimea, wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia. Hiyo ni bora kuliko apu za simu. Apu inasaidia kuanzia, lakini nimeona imeuita huu mti majina matatu kwa picha tatu, na kwenye kitu cha kumeza hutaki jibu la "huenda".

Umeniuliza tunda moja lakini najua uwani kuna mengine, na kwa kuwa Dar kila nyumba ina miti nitaongeza machache haraka. Embe, papai na ndizi mbwa anaweza kula nyama yake kidogo, toa kokwa na mbegu. Stafeli na topetope nyama yake sawa ila mbegu zake zina sumu, zitoe zote. Parachichi usimpe sungura, mbuzi wala kasuku, kwao ni hatari kwenye moyo hasa ndege. Zabibu, mbichi au kavu, mbwa asile hata moja, zinaharibu figo, na toka 2021 madaktari wa wanyama kule Marekani wanaielekezea kidole asidi ya tartariki, ambayo ipo nyingi pia kwenye ukwaju wetu, kwahiyo juisi ya ukwaju na ukwaju wenyewe mbwa wangu mimi simpi ingawa mbuzi anakula vizuri tu. Korosho mbichi yenye ganda hapana, lile ganda lina mafuta yanayobabua mdomo. Na kama pembeni ya fensi kuna mbono, ule wenye vitunda vya njano vinavyogeuka vyeusi na mbegu tatu nyeusi ndani, au mbarika, hiyo nayo iangalie kwa jicho hilihili, mbegu zao zote zina sumu.

Nimeacha la bao mpaka mwisho maana hilo linahitaji kukaa na mtoto na sio kumfokea. Mbadilishie, mpe kete za kweli, komwe zinauzwa sokoni au hata vifuniko vya soda, ili asione umemnyang'anya mchezo akaenda kuokota tena kwa siri. Halafu muulize taratibu mambo matatu. Alikuwa nazo ngapi, kwa sababu bao linataka nyingi na unataka kujua kama zote zimerudi. Kama kuna yoyote aliwahi kuipasua kwa jiwe. Na alikuwa anacheza na nani, kama kuna mwenzake alimpa chache akaondoka nazo kwao. Ukipata majina, wapitie hao mama zao jioni ya leo.